Maziwa Yaliyomtangulia Mtoto

Amefariki muuza barafu wetu wa Likoni. Nasema "wetu" kwa mazoea tu, maana mtaa uliokuwa ukimwita wake ndio huo huo uliomwacha akae mlangoni pake na barafu zake mpaka magharibi bila mnunuzi. Nitalieleza hilo, nipeni subira. Habari ilinifikia Alhamisi asubuhi nikiwa nimekalia mbuzi, nakuna nazi. Mwanawe wa kiume, anayefanya kazi hotelini Shanzu, alinipigia simu akasema, "Shangazi, mama katutoka." Nikasema Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, nikaweka simu chini, nikaendelea kukuna nazi ile mpaka kifuu kikaanza kuchanganyika na nazi yenyewe. Alizikwa siku hiyo hiyo alasiri. Presha, wamesema. Mimi nayajua mengine, lakini tuseme presha.

Mnaonisoma siku zote mnajua kwamba mimi si mtu wa kuwapaka maiti mafuta. Marehemu alikuwa na ulimi mkali. Mtoto akija kununua barafu huku anakohoa, alimrudisha kwao: "Kamwambie mamako akupashie maji ya tangawizi, barafu haikimbii." Mtoto akilia, alilia bure. Mtu mzima akipita bila salamu, alisalimiwa yeye kwa sauti ya kusikika hadi msikitini, aone haya. Barafu zake zilikuwa za ukwaju, za embe, na za mabuyu mekundu yanayopaka midomo, akizigandisha katika vikombe vidogo na vijiti vyake, na sijaona mtu aliyekuwa msafi kuliko yeye katika biashara ya kulisha watoto wa watu. Friza yake ilikaa ukumbini, kubwa, ya mlango wa juu, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama bi harusi. Ukiifungua bila ruhusa utajuta kuzaliwa. Na ni kwa sababu ya friza hiyo leo naandika, japo ningetaka kuandika juu ya mambo mepesi zaidi.

Nyuma ya nyumba yake palikuwa na vyumba vya kupangisha, na katika kimojawapo alikaa binti mmoja kutoka bara ya huku kwetu, upande wa Kaloleni, yeye na mumewe anayebeba mizigo. Mcha Mungu, mwenda kanisani, mpole hata ukimwita anaitika "abee" kabla hujamaliza kumwita. Binti huyu alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza. Alikuwa na sukari ya mimba, ile inayomjia mwanamke akiwa mja mzito tu, na mtoto alizaliwa mkubwa, mzuri, kisha sukari ya mtoto mwenyewe ikashuka ghafla, akaanza kutetemeka, na maziwa ya mama yalikuwa bado hayajashuka. Hakukaa. Sasa binti ana mimba ya pili, na sukari imerudi ile ile. Alichokitaka duniani kilikuwa kimoja: huyu asiende alikokwenda mwenzake.

Sista wa kliniki alimpa ushauri ambao mimi, pamoja na wanangu wote na uandishi wangu wote, sikuwahi kuusikia. Alimwambia kwamba wiki za mwisho mwisho, kabla mtoto hajazaliwa, akamue kwa mkono matone machache kila siku ya dang'a, yale maziwa ya kwanza mazito ya rangi ya manjano. Ayavute ndani ya bomba dogo lisilo na sindano, ayagandishe, siku ya uchungu aende nayo, ili mtoto akitoka tu apate kitu cha mamake mdomoni bila kungoja. Akamwonya pia kwamba si kila mja mzito afanye hivyo, kwani kukamua kunaweza kuamsha uchungu kabla ya wakati, na kwamba akihisi tumbo linakaza aache, arudi kliniki. Nayaandika haya kama nilivyosimuliwa. Mwenye mimba asije akanitumia mimi kama daktari wake, aulize wenyewe.

Binti hakuwa na friji. Chumba chake kilikuwa na kitanda, jiko na ndoo. Mamake mzazi alipopigiwa simu kule kijijini, alipiga ukelele: "Mgeni hajabisha hodi, wewe ushampakulia! Wataka kumkaribisha nani?" Kwao, kama kwetu, nguo za mtoto hazinunuliwi kabla hajalia, sembuse maziwa kukamuliwa. Mumewe akasema yeye hajui, waulizwe wanawake. Basi binti akaenda ukumbini, akapiga magoti mbele ya mwenye nyumba wake, akamweleza yote. Nilikuwapo, nimekwenda kutaka ukwaju. Marehemu alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo hakuwa akimfanyia mtu, kisha akainuka, akalitoa kopo la biskuti lililokuwa na nyuzi zake za kufumia, akalimwaga, akaliosha kwa maji ya moto, akalikausha, akampa. "Mimi n'na friza, wewe una maziwa," akasema. "Yaweke humu, funika, uyatie pembeni kule, mbali na barafu zangu. Asiguse mtu. Na wewe uwache kulia, wanitia baridi." Binti alilia zaidi, masikini. Alipoondoka, marehemu akaniambia kwamba zamani akina nyanya zetu wakiyakamua hayo hayo baada ya kuzaa na kuyamwaga, wakisema ni machafu, mtoto asipewe mpaka yaje meupe. "Wangapi tuliwalaza njaa, yakhe," akasema, "na dawa yao tumeimwaga uani."

Ikawa kila jioni binti anapita na kibomba chake amekificha kwenye kanga, anakitia koponi, anashukuru, anarudi kwake. Alianza kutembea kwa namna nyingine, kama mtu aliye na akiba mahali. Niliwahi kumkuta amesimama mbele ya friza, imefungwa, ameweka kiganja juu ya kile kitambaa cha kufuma. Nilimuuliza anafanya nini, akacheka akasema, "Namjulia hali, shangazi."

Mkabala wa nyumba ya marehemu anakaa jirani mmoja, rika langu, tumecheza kibe pamoja. Simtaji. Siku moja alikuja kununua, akamkuta marehemu yuko chooni, akaona hana haja ya kusubiri, akajifungulia friza. Akaliona kopo, akalifunua. Marehemu alipotoka akamweleza ni nini, naye akalifunika. Alikwenda kwake, na kufikia swala ya laasiri mtaa mzima ulikuwa na habari: barafu za bibi zinagandishwa pamoja na maziwa ya mtu. Kufikia kesho yake zilikuwa hazigandishwi pamoja tu, zilikuwa zimechanganyika. Na hapo ndipo likaja lile la kwetu wenyewe, ambalo mtu wa mahali pengine hangeliwaza hata akipewa mwaka mzima: kwamba watoto wote waliolamba barafu hizo sasa ni ndugu wa kunyonya.

Msiokuwa watu wa huku niwaeleze kidogo. Katika dini yetu, watoto walionyonya kwa mama mmoja ni ndugu, hawaoani, hata kama damu yao ni mbali kama Lamu na Vanga. Ni sheria nzuri, ina heshima yake, inamfanya mama aliyenyonyesha mtoto wa mwenzake kuwa mama kweli. Lakini jamani! Mtaa ukakaa barazani kupiga hesabu ya nani kala barafu na nani, na mchumba wa fulani aliwahi kulamba ya embe mwezi gani. Kulikuwa na posa moja iliyosimama. Watu wazima, wenye ndevu, wakisimamisha posa kwa sababu ya vikombe vya ukwaju. Marehemu alikwenda mwenyewe kwa maalim wa chuo cha Kurani, mtu mtaratibu sana, na maalim alicheka hadi kofia ikamtoka. Akamjibu kwamba undugu wa kunyonya hauingii kwa kunusa wala kwa kukaa jirani ndani ya friza. Mtoto mchanga awe amenyweshwa kweli, tena si tone moja. Alilisema tena msikitini baada ya swala, kwa sauti. Watu wakaitikia vizuri, wakatoka, wakaendelea kuwakataza watoto. Ukweli ulikuja kwa miguu, na uvumi ulikuwa umeshafika, umekaribishwa, umetandikiwa mkeka.

Hivyo barafu zikakosa wanunuzi. Marehemu alikaa mlangoni na kibao chake kila siku, hakujificha, hakumtukana mtu, na kwa tuliomjua ule ulimi, kimya chake kilitisha kuliko matusi. Watoto walipita wakimtupia jicho la pembeni kama aliyefanya dhambi. Mimi nilikuwa nikienda, tukila barafu wawili, vikongwe tusio na meno ya kuhimili baridi. Nilimwambia mara moja, "Si ulihamishe tu kopo, ulilete kwangu?" Akaniangalia. "Nikilihamisha n'takuwa nimekubali ni haramu," akasema. "Hiki ni chakula cha mtoto. Wao wasipotaka barafu, wanywe maji."

Alichosahau marehemu, na mimi nilisahau, ni kwamba binti wa chumba cha nyuma alikuwa na macho. Alikuwa akipita kila jioni na kibomba chake, akiona vikombe vya barafu vimejaa kama vilivyokuwa jana. Hakumwambia mtu. Sisi watu wa pwani tunafundishwa tangu utotoni kwamba mtu aliyekusitiri hukai ukamtia aibu, na yeye alikuwa ameshika mafundisho haya kuliko sisi tulioyatunga. Asubuhi moja marehemu alipokwenda kuteka maji, binti akaingia ukumbini, akalitoa kopo, akaenda nyuma ya bafu palipo na mgomba, maana kwao maziwa ya mama hayamwagwi panapokanyagwa. Akangoja yayeyuke. Akayamwaga yote kwenye shina, kibomba kimoja kimoja. Akaliosha kopo, akalirudisha mahali pake ndani ya friza likiwa tupu, na hakukamua tena.

Alipelekwa hospitali juma lililofuata. Alipasuliwa. Mtoto alikuwa wa kike, mkubwa, mzuri, kama wa kwanza. Marehemu aliposikia uchungu umeanza alikimbilia friza, akachukua kopo, akalifunga kwa taulo pamoja na barafu, akatoka mbio, kiatu cha kulia mguu wa kushoto, mzee wa watu, akafika wodini anahema na kumkabidhi sista. Sista akafungua, akakuta kopo tupu. Alikuwa peke yake siku hiyo marehemu, mimi nilisimuliwa baadaye. Maziwa ya mama hayakuwa yameshuka. Sukari ya mtoto ikashuka. Wahudumu walifanya kazi yao, siwezi kuwasingizia: walimtia maji ya sukari kwenye mshipa, wakampa maziwa ya kopo kwa kijiko, wakamkesha. Alifariki kabla hajapewa jina.

Marehemu alimuuliza daktari swali moja: yale maziwa yangekuwapo, angeishi? Daktari, kijana mkweli, alimwambia hajui. Huenda yangemsaidia, huenda yasingemsaidia. Watoto wengine huondoka na kila kitu kimefanywa. Ningependa daktari yule angedanganya, upande wowote. Angesema ndiyo, marehemu angepata wa kumlaumu. Angesema la, angelala. Lakini "sijui" aliibeba mpaka kaburini.

Na alimuuliza binti pia, siku aliyokuwa akifunga vitu vyake kurudi kwao. Nilikuwa nimeketi ukingoni mwa kitanda, nakunja kanga.

"Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Ningekukataza."

"Ndiyo maana sikukuambia, mama."

"Nilikulalamikia mimi? Hata siku moja?"

"Hukulalamika. Nilikuona umekaa na barafu zako mpaka magharibi."

Marehemu akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, kama unavyomshika mtoto unayemtafuta chawa, akasema, "Lahaula, lahaula." Mtu mmoja, nje, akinuia kutufariji, alisema maji yakimwagika hayazoleki. Nilimwambia aondoke.

Sasa sikieni hili, maana ndilo linaloniudhi kuliko yote. Siku tatu hazikupita tangu binti kuondoka, watoto wakarudi. Mama zao wenyewe waliwatuma: nendeni kwa bibi mkanunue barafu. Maziwa yameondoka na mwenyewe kaondoka, basi barafu zimekuwa halali tena. Posa ikaendelea, nikaalikwa harusini, pilau ilikuwa nzuri. Hakuna aliyesema samahani kwa sababu hakuna aliyefanya kitu. Jirani alifunua kopo tu. Mwengine alisimulia tu alichosikia. Mwengine alimkataza mwanawe tu. Ukiwauliza mmoja mmoja nani aliyeyamwaga maziwa yale, watakujibu, tena kwa haki, kwamba aliyamwaga mama mwenyewe.

Marehemu hakuwauzia. Aliwaambia watoto kwa upole, upole ambao haukuwa wake, kwamba barafu zimekwisha. Hazikuwahi kurudi. Lakini friza hakuizima. Iliendelea kuunguruma ukumbini usiku na mchana, ndani mna kopo tupu peke yake, na kila mja mzito aliyepita mlangoni pake alimwita: "Njoo, mwanangu. Umeambiwa ukamue? Kama umeambiwa, friza ni tupu, nafasi ipo." Wasichana waliitikia "ahsante bibi", wakazidisha mwendo. Mtaa ukasema ameingiwa. Hakuna hata mmoja aliyeleta. Mimi nilikwenda kumzungumzisha kila nilipoweza, na mara nyingi tulikaa tu tukisikiliza ile friza.

Wakati mwingine najiuliza tunaogopa nini hasa. Mwanamke akikamua kabla ya kuzaa tunasema anamtangulia Mungu. Akikamua baada ya kuzaa kwa sababu anarudi kazini, Changamwe viwandani au hotelini Shanzu huko, tunasema anamnyima mtoto titi. Asipokamua, maziwa yakachelewa, tunasema kapigwa jicho. Titi lake ni mali ya kila mtu isipokuwa yeye na mtoto. Na sisi Waswahili tulio hodari wa kusitiriana, wenye maneno mazuri ya kusalimiana kuliko watu wote, tunaona kusitiri ni kutosema mbele ya mtu; nyuma yake tunasema mpaka mate yanakauka. Nilikuwa nikidhani mambo haya yatakwisha na elimu. Wenye uvumi ule walikuwa na shahada ukutani. Sina tena ninalolitumaini katika hilo, na sitawadanganya kwamba ninalo.

Matanga yalikuwa ya watu wengi. La kuvunda halina ubani, lakini siku ile ubani ulifukizwa kwelikweli: kila mwanamke aliyekaa mkekani alikuwa na sifa ya kumtolea marehemu, usafi wake, ukarimu wake, zile barafu za ukwaju. Mwanawe, kabla hata ya hitima, alikuwa ameshamgawia friza mwuza samaki wa sokoni, kwa roho safi, apate thawabu mama. Ililetewa mkokoteni mapema asubuhi. Palipokuwa friza pakabaki mstatili mweupe sakafuni.

Jirani wa mkabala alikuja kukaa karibu nami. Aliuangalia mstatili ule kwa muda, kisha akaniinamia sikioni.

"Friza wameipeleka wapi?"

Nikamwambia.

Nikaona uso wake unaporomoka. Akanieleza kwa sauti ya chini kabisa kwamba bintiye ana mimba ya kwanza, na sukari imepanda, na kliniki wamemwambia akamue wiki za mwisho, na friji ya nyumbani kwao imekufa. Alikuwa amekusudia kumwendea marehemu. Alikuwa amekusudia kumwomba radhi pia, alisema, ila alikuwa akingoja siku nzuri. Macho yake yalikuwa na hofu ile ile niliyoiona kwa yule binti aliyepiga magoti mahali hapo hapo. Wallahi sikufurahi. Nilidhani ningefurahi siku hiyo ikifika, na sikufurahi.

"Mimi nina friji," nikamwambia. "Mlete mwanao leo. Kopo nitalitafuta."

Akashika mkono wangu kwa shukrani, na kwa nusu dakika alikuwa mama tu, aliyepata njia. Kisha akaulegeza mkono.

"Kwako?" akasema. "Mlango wako uko barabarani, dada. Kila mtu atamwona akiingia na kutoka. Watu watasemaje?"

Mhariri wangu hupenda nifunge safu kwa funzo. Funzo ni kwamba hao watu hawapo. Nimewatafuta maisha yangu yote, nimewakaribia mpaka nikakaa nao mkeka mmoja, na kila ninayemshika ananiambia yeye anawaogopa. Nimehamisha samaki, nimepangusa rafu ya juu ya friji kwa maji ya moto na siki, nimeweka kopo safi lenye kifuniko. Mtoto anatarajiwa mwezi ujao, inshallah. Hadi naandika haya, mlango wangu haujabishwa.